Lubaina Himid, Kanga na Suala la Jina

Swali la wapi zionekane kazi za wasanii na wabunifu wa siku hizi huulizwa hapa Unguja na wageni zaidi kuliko wenyeji. Mgeni hujibiwa upesi: aende Ngome Kongwe, apite vichochoro vya Mji Mkongwe, atazame picha zilizotundikwa milangoni mwa maduka. Huko ataona twiga, chui na ndege wa mtindo wa Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mjini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwenyewe alifariki mwaka 1972, kabla hajajua kwamba jina lake litakuja kuwa jina la bidhaa. Ataona pia majahazi, milango ya njumu, na wanawake wa mabuibui wakipita njia nyembamba wakiwa wametupa mgongo. Nyingi za picha hizo zimechorwa kwa mkono mwepesi na mzoefu, nami sizidharau, kwani zinalisha nyumba. Lakini zimefanywa ziingie katika sanduku la safari, na jambo hilo hujitokeza katika kila kitu, tangu ukubwa wa turubali hadi uchaguzi wa rangi. Mhakiki hubakiwa na machache ya kusema juu ya picha ambayo sanduku limekwisha kuihakiki.

Swali lenyewe, hata hivyo, ni zuri, na linastahili jibu refu kuliko hilo. Nitalijibu kwa kumfuata msanii mmoja aliyezaliwa hapa, ambaye kazi zake ziko mbali nasi, kisha nirudi kwenye kazi mbili zilizo karibu nasi mno, moja ikiwa ndani ya shimo Mkunazini, na nyingine ikiwa mwilini.

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alifariki kwa malaria mtoto akiwa na umri wa miezi michache tu, na mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa michoro ya vitambaa, akarudi naye Uingereza. Huko alisomea ubunifu wa jukwaa la tamthilia, kisha historia ya utamaduni katika Royal College of Art, London. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa waliopigania wasanii weusi, hususan wanawake, wapate ukuta wa kutundikia kazi zao. Maonesho aliyoyaandaa mwaka 1985 katika jumba la ICA, London, yaliitwa The Thin Black Line, na kazi zenyewe zilitundikwa ukumbini mwa njia, mahali pa watu kupita. Mwaka 2017, akiwa na miaka 63, alitunukiwa Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata na mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote waliomtangulia. Mwaka huohuo ndipo ilipoondolewa kanuni iliyokuwa ikiwazuia wasanii waliofikia miaka 50. Jumba la Tate Modern lilimfanyia maonesho makubwa kuanzia Novemba 2021, na baadaye akateuliwa kuiwakilisha Uingereza katika maonesho ya Venice ya mwaka 2026.

Habari za tuzo zilipotufikia tulifurahi, kama tunavyofurahi mwana wa kwetu akishinda mbio ugenini. Ilikuwa furaha ya sikio. Sijapata kuiona kazi yake hata moja katika jumba la umma la Unguja wala Pemba, nami ninaziandikia kazi zake kwa msaada wa vitabu vya maonesho, picha zilizochapishwa na maandishi yake. Hali hii ina mipaka yake. Rangi iliyochapishwa kitabuni si rangi, na sanamu yenye kimo cha mtu ikipunguzwa ikawa na urefu wa kidole hupoteza jambo lake kuu, yaani kwamba inakutazama machoni. Basi juu ya rangi zake nitasema machache. Lakini Himid ni msanii wa maneno pia, na neno husafiri bila ya kuchakaa sana. Hapo mshairi na mfasiri ana haki ya kutia mguu.

Kazi yake iliyo kubwa kwangu ni Naming the Money, iliyooneshwa kwanza mwaka 2004 katika jumba la Hatton, Newcastle. Ni sanamu mia moja za mbao bapa, zilizokatwa kwa umbo la watu wa kimo cha kawaida na kupakwa rangi za kung'aa, zikasimamishwa chumbani ili mtazamaji apite katikati yake kama apitaye katika hadhara. Ni Waafrika waliochukuliwa utumwani na kufanywa watumishi katika majumba ya wafalme na matajiri wa Ulaya. Wamo wapiga ngoma na wacheza ngoma, wafinyanzi, washona viatu, wachora ramani, waganga wa mitishamba, watengeneza vitu vya watoto vya kuchezea, wafunza mbwa na wapiga zeze. Mgongoni mwa kila mmoja kuna karatasi ya hesabu, kama ile ya daftari la mfanyabiashara, na juu yake mistari michache. Chumbani husikika pia muziki na sauti inayosoma mistari hiyo.

Mistari yenyewe ina mpango mmoja kwa wote. Wa kwanza hutaja jina la mtu huyo la kwao. Wa pili hutaja jina analoitwa na waliomnunua. Wa tatu husema kazi aliyokuwa akiifanya, wa nne kazi anayoifanya sasa, na wa mwisho hutaja kitu kimoja alichobakiwa nacho, kitu ambacho karatasi ya hesabu haina safu ya kukiandikia. Ni umbo fupi, lenye vina vya maana badala ya vina vya sauti, na linarudiwa mara mia bila ya kuchosha, kwa sababu katika kila ubeti mizani ya hasara na salio huwa tofauti. Anayeijua tarbia ataelewa mara moja linavyofanya kazi: msomaji anaungoja mstari wa mwisho akijua pahali utakapoangukia, ila hajui utasema nini.

Nilipojaribu kuileta mistari hiyo katika Kiswahili nilikutana na kizuizi ambacho nadhani kinaeleza jambo kuhusu lugha yetu na kuhusu kazi yenyewe. Nguvu yote ya ubeti imekaa katika ufa kati ya mstari wa kwanza na wa pili: hili ni jina langu, na hili ni wanaloniita. Sisi ufa huo hatuna katika mazungumzo ya kila siku. Ukimwuliza mtu "Waitwa nani?" au "Jina lako nani?" umemwuliza swali moja, naye akijibu "Naitwa Faraji" hujui, wala hukusudii kujua, ni nani amwitaye hivyo. Kauli ya kutendwa imemficha mtendaji, na adabu ya mazungumzo imetuzoesha kutomtafuta. Mfasiri anayeandika "Jina langu fulani, naitwa fulani" ameua ubeti. Hana budi kumtoa mtendaji mafichoni, aandike "wao wananiita", na kile kiwakilishi "wao", ambacho katika sentensi ya kawaida kingekuwa cha ziada, kigeuke kidole kinachonyoosha. Mstari wa tatu na wa nne, kinyume chake, huja kwa urahisi. "Nilikuwa nikifinyanga, sasa napiga ngoma" ni Kiswahili safi, na kile "nikifinyanga" kinabeba miaka mingi ya udongo mkononi.

Jina la kazi nalo lilinisumbua. "Kuzitaja Fedha" ni sahihi na halina ladha. Neno linalofaa ni "mali", kwa kuwa katika usemi wa pwani hii mali ni fedha, ni milki, na zamani ilikuwa pia mtu aliyenunuliwa. "Kuipa Mali Jina": hivyo ndivyo ningeliandika juu ya jalada kama ningeulizwa. Neno hilo nalo nitalirudia.

Sanamu hizo hazihusu utumwa wa pwani yetu. Zinahusu majumba ya Ulaya, na Himid hakudai vinginevyo. Lakini msomaji wa Unguja hawezi kuupitia mpango wa mistari ile bila ya kuwakumbuka watu wa karibu zaidi. Mmojawao ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akapelekwa Bara Hindi, akarejea Zanzibar baada ya bwana wake kufa, akawaongoza barani Burton na Speke mwaka 1857, na baadaye Stanley na Cameron, hadi alipofariki mwaka 1885. Watatu kati ya wazungu hao wamo katika kila kitabu cha historia ya safari. Yeye ana majina matatu, na hakuna hata moja la kwao: Sidi ni jina walilopewa Waafrika huko Bara Hindi, Mubarak ni la Kiarabu, na Bombay ni la mji. Mstari wa pili tunao, na wa nne tunao kwa urefu. Wa kwanza haumo katika kitabu chochote cha safari zile.

Sasa twende Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sultan Barghash chini ya shinikizo la Waingereza, na mahali pale pakajengwa kanisa la Kianglikana lililosimamiwa na Askofu Edward Steere, yuleyule aliyekusanya hadithi za Kiswahili na kuzichapisha mwaka 1870. (Sisi wafasiri tuna deni kwake, na deni halituzuii kuona alivyozipiga pasi hadithi hizo.) Uani mwa kanisa hilo kuna kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, iliyowekwa mwaka 1998: watu watano wa zege, wamesimama ndani ya shimo la mstatili chini ya usawa wa ardhi, wamefungwa mnyororo shingoni. Bila shaka hii ndiyo sanaa ya siku hizi inayotazamwa na watu wengi zaidi katika kisiwa hiki. Kila kundi la wageni hufikishwa pale.

Ni kazi nzuri, na wazo la shimo ni wazo la msanii wa kweli. Mtazamaji anainamisha shingo ili aone walioinamishwa shingo, na hawezi kusimama nao sawa hata akitaka. Zege haikulainishwa, na nyuso hazikupambwa kwa huzuni ya kuigiza. Pamoja na hayo, kila nilipopita pale niliona watu wakitazama chini, wakapiga picha, wakaondoka na huruma yao ikiwa kamili. Watano wale hawana la kumwuliza mtu. Hawana kazi waliyokuwa wakiifanya wala kitu walichobakiwa nacho. Wamefanywa alama ya mateso, na alama haina jina la kwao. Sanamu za Himid zimevaa vizuri, zina marangi, na hakuna hata moja iliyofungwa pingu, ilhali zinamfunga mtazamaji zaidi, maana asomaye mgongo mmoja hawezi kuuacha wa pili. Tofauti hii naiona kuwa kubwa kuliko tofauti ya vipaji. Moja inaonesha walivyotendwa, na ya pili inaonesha walichojua kukifanya kwa mikono yao.

Nasema hivyo nikijua kwamba zile tano naziona kwa macho na zile mia nazisoma. Laiti zingewekwa uwanja mmoja! Himid alizitoa zile mia kwa Jumba la Kimataifa la Makumbusho ya Utumwa, Liverpool, mji uliotajirishwa na biashara hiyo, na hapo ndipo pahali pake stahiki. Jumba lenyewe lilifungwa mwaka 2025 kwa matengenezo makubwa. Sisi hatuna ulimi wa kuwalaumu: Beit al-Ajaib letu, lililojengwa mwaka 1883 na ambalo lingekuwa makao ya kwanza ya kazi yoyote kubwa itakayoletwa Unguja, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha.

Nimebakiza kazi ya tatu, nayo haihitaji jumba. Kanga imo katika kila nyumba. Ilianza katika karne ya 19, wanawake wa pwani waliposhona pamoja leso za mraba zikawa vazi moja, na wafanyabiashara wakaelewa kwamba vazi hilo lingeweza kuchapwa zima, likiwa na pindo pande zote, mji katikati, na baadaye jina. Maandishi ya awali yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Imechapwa Uingereza, Uholanzi, Japani, Bara Hindi, China, na Dar es Salaam katika kiwanda cha Urafiki kilichoanza mwaka 1968. British Museum inazo katika hifadhi yake na ilizionesha mwaka 2013 pamoja na vitambaa vingine vya mashariki na kusini mwa Afrika. Anayetaka kuziona kazi hizi bila ya kupanda ndege aende Mchangani mzigo mpya unapofunguliwa, asimame pembeni, na asikilize wanawake wanavyozihakiki. Watasema rangi imekolea au imepooza, pindo limeubana mji, jina ni baridi. Kwa ukali na ujuzi, uhakiki huo unashinda mwingi uliopata kuchapwa juu ya sanaa za kisiwa hiki.

Himid, binti wa mbunifu wa vitambaa, ameirudia kanga mara nyingi. Ana mfululizo wa kazi za rangi juu ya karatasi aliouita Kangas from the Lost Sample Book, na mwaka 2018 katika jumba la BALTIC, Gateshead, alionesha vitambaa vikubwa vya mfano wa kanga vilivyotundikwa kama bendera, vikiwa na maneno aliyoyachukua kwa washairi na waandishi weusi, akiwamo James Baldwin na Audre Lorde. Wazo la kitabu cha sampuli kilichopotea ni zuri mno. Linajua kwamba historia ya kanga imo katika madaftari ya wenye maduka, na kwamba madaftari hayo yameliwa na mchwa na unyevu. Lakini vile vitambaa vya maneno, kwa jinsi ninavyoviona, havijaielewa kanga mpaka ndani, na ni afadhali lisemwe na mtu wa kwao.

Kanga si bango. Chukua jina la kawaida kabisa, "Wema hauozi". Mama akizawadiwa doti hiyo na mwanawe, ni shukrani. Mwanamke akiivaa siku anayopita mbele ya nyumba ya mtu aliyemsaidia akamsahau, ni mkuki. Maneno ni yaleyale. Maana inaletwa na nani kavaa, siku gani, akipita wapi, na aliyelengwa akilalamika jibu lipo tayari: mimi nimevaa nguo tu. Jibu hilo linawezekana kwa sababu moja, kwamba hakuna aliyeyatia saini maneno yale. Mtungaji amejifuta ili mvaaji apate kusema, na mvaaji naye anaweza kukana. Ukiandika juu ya kanga maneno ya mshairi mashuhuri, na ukaitundika juu pasipo mwili, umempa mtazamaji usemi mzuri wenye mwenyewe anayejulikana, unaowaelekea watu wote kwa mara moja. Hauna jirani wa kumchoma. Katika sanamu mia jina lilirudisha kilichoporwa. Katika kanga kukosa jina la mtungaji ndiko kunakompa mwanamke wa mtaani ulimi. Msanii aliyeijua vizuri thamani ya jina hakuona mahali ambapo kulificha jina ni ufundi.

Hoja hiyo, hata hivyo, inamlinda mtunga maneno peke yake. Haimhusu yule aliyeubuni mchoro: aliyeamua kwamba korosho ya pindo ielekee ndani, kwamba wekundu huu ukae na weusi ule, kwamba mji uachwe wazi. Huyo akitajwa, mvaaji hapotezi kitu. Wabunifu wetu wa mavazi wamekwisha kuanza kutajwa, na tangu Mustafa Hassanali aanzishe Swahili Fashion Week mjini Dar es Salaam mwaka 2008 tunajua ni nani aliyekata gauni lililoshonwa kwa kanga. Aliyechora kanga yenyewe hatumjui. Amefanya kazi Mombasa, Dar es Salaam au Bara Hindi, amelipwa, na mchoro wake umevaliwa na watu maelfu, wakazikwa nao wengine.

Si kwamba kitambaa hakiandikwi jina la mtu. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kama Abdulla, alizitia kanga zake alama ambayo mama zetu waliitafuta kwanza kabla ya kuangalia rangi, kwa kuwa ilikuwa dhamana ya ubora. Ipo hadi leo kwenye ukingo wa kitambaa, kwa herufi ndogo, pamoja na nambari ya mchoro. Inasomeka: K.H.E. Mali ya Abdulla.